Mashine ya tambi kwa udongo wa polima: uchafu haukuwa kwenye rola

Oda ilikuwa ya hereni jozi 12, nyeupe tupu, za wasimamizi wa bibi harusi. Nilishaukanda udongo na kuupitisha mara mbili kwenye mashine ya tambi, kati ya rola zake mbili zinazoubana kuwa bamba. Mara ya tatu nikaona mstari wa kijivu katikati ya bamba, mwembamba kama unywele. Nikakunja, nikapitisha tena. Mstari ukawa michirizi mitatu. Udongo wote ule niliishia kuuchanganya na mweusi nikatengenezea shanga, na ya harusi nikaanza upya usiku.

Kilichoniuma ni kwamba rola nilizifuta asubuhi ile ile, zikang'aa. Nikadhani udongo umekuja mchafu kutoka dukani. Sivyo. Uchafu ulikuwa chini, jicho lisipofika. Ukiipindua mashine ya tambi utaona vibao viwili vyembamba, kila kimoja kimeegemea rola yake. Kazi yake ni kukwangua ili bamba lishuke lisiizungukie rola. Mabaki ya kila rangi uliyowahi kupitisha hujibana hapo, halafu siku ya nyeupe yanatoka.

Tena huu si udongo wa mfinyanzi wala donge la unga. Mabaki ya tambi hukauka, ukayapukutisha kwa brashi. Udongo wa polima ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, haukaushwi na hewa. Unabaki laini mpaka uuoke, kama ule wa chapa ya Fimo, unaookwa kwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa nusu saa. Kwa hiyo chembe nyeusi iliyobaki kwenye kibao mwezi Machi, mwezi Juni bado inapaka.

Mashine yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, inafungwa ukingoni mwa meza, rola zake zina upana wa milimita 150. Nina miaka miwili nayo. Kwa kulainisha udongo na kupata bamba la unene mmoja naipenda mno. Chupa niliyokuwa nikisukumia zamani haikuwahi kunipa hereni mbili zinazolingana.

Usafi wa kila siku ni mwepesi. Naanza na rangi nyeupe, kisha njano, nyekundu, na nyeusi mwisho kabisa. Kati ya rangi na rangi napitisha kipande cha udongo chakavu cheupe kizoe mabaki, kisha nakunja tishu yenye spiriti, naibana kwenye rola huku nikizungusha mpini. Spiriti inashika moto haraka, kwa hiyo kazi hii naifanyia barazani, mbali na jiko. Tishu zenye unyevu za kufutia watoto nazo zinasaidia, ila lazima ufuatishe kitambaa kikavu.

Maji, hapana kabisa. Mimi niko Tanga, hapa hata msumari wa ukutani unaota kutu, sembuse gia zilizofungiwa ndani. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha niliijaribu mara moja: udongo ulitoka, lakini kifuniko cha plastiki cha ubavuni kikapauka na hakijarudi hali yake.

Vibao ndivyo vyenye kazi. Kila baada ya miezi miwili hivi naifungua mashine. Mara ya kwanza niliogopa, nikaipeleka kwa fundi cherehani jirani yangu, mzee mwenye subira. Aliniambia, "Mwanangu, kila skrubu na tundu lake. Usizichanganye." Tukaziweka juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka, nami nikapiga picha kwa simu kila hatua. Vibao vilipochomoka, kulikuwa na utepe wa udongo wa rangi zote, mgumu kidogo kama ubani. Niliukwangua kwa kijiti cha meno, nikafuta kwa spiriti, nikavirudisha vikiangalia upande ule ule. Kikigeuzwa, kibao hakigusi rola sawasawa na bamba linajikunja ndani. Fundi akaongeza tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ncha za rola, si kwenye uso wake.

Tangu hapo nyeupe inatoka nyeupe. Ukienda kununua, ipindue mashine hapo hapo dukani uangalie kama vibao vinachomoka kwa bisibisi. Kama vimefungwa kwa ribiti, yaani pini zisizofunguka, mimi nisingeichukua kwa kazi hii hata iwe rahisi kiasi gani, maana hutavifikia kamwe.

Na ikishapita udongo huu hairudi tena jikoni. Yangu nimeiandika ubavuni kwa wino mzito, SI YA TAMBI, kwa sababu wifi yangu alishaiomba kwa ajili ya Idi.