Soli za jeli za kisigino, Kariakoo: zipo poa ila sio dawa

Hizi ni zile fupi za kuweka chini ya kisigino tu. Nilizifata maana asubuhi hatua ya kwanza kutoka kitandani ni kama unakanyaga msumari, daktari akasema planta fasaitisi, yaani ule utepe mgumu wa chini ya unyayo unaotoka kisiginoni mpaka vidoleni umechoka, usiku unakaza afu ukisimama unavutwa ghafla. Sasa jeli kwa sisi tunaosimama dukani kutwa inapunguza maumivu kweli, ila kwenye kiatu cha wazi inateleza, kwenye ndala ndo usijaribu, na katikati ya unyayo hainyanyui kitu kwahiyo mwenye unyayo bapa achukue soli ndefu. Kusema ukweli kilichonisaidia zaidi ni cha bure, kunyoosha mashavu ya miguu ukutani na kuviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo, na kuacha kutembea peku kwenye marumaru. Muuzaji anasema wiki tu unapona, wapi, hii kitu inaenda miezi. Ukiona ganzi au kuvimba rudi hospitali. Nyota 3 kati ya 5, bei fea.