Ukienda renji kupiga shabaha beba hivi: vifaa vya kuzuia damu, kuanzia cha lazima mpaka cha ziada

Juzi tulikuwa shambani kwa jamaa yetu nje ya Fort Worth, Texas, watu nane, Wabongo wengi na Wakenya wawili, tunapiga shabaha za chuma, na kila mtu kaja na bunduki nzuri na risasi maboksi kwa maboksi, kuku wapo motoni, lakini nilipouliza nani ana kitu cha kumfunga mtu akivuja damu likaletwa boksi jekundu lina plasta za watoto na vidonge vya kichwa. Boksi hilo sio baya, kidole kikibanwa na slaidi ya bastola au ganda la risasi la moto likikuingia kwenye kola utalihitaji, na mambo hayo ndo hutokea mara nyingi. Ila mtu anaweza akarudisha bastola kwenye ala kidole bado kiko kwenye triga, risasi ikapita pajani, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaishiwa damu ndani ya dakika chache tu, ambulansi bado inatafuta geti.

Kwa hiyo nimepanga kwa jinsi ningetumia hela yangu mwenyewe. Ukiwa na dola 30 tu nunua namba moja uishie hapo mpaka mwezi ujao.

Namba 1 ni tuniketi, yaani ule mkanda wenye kijiti cha kuzungusha unaobana mkono au mguu mpaka damu ikate. Hapa ndo nataka tukae kidogo maana hapa ndo watu wanapigwa hela. Ya kwanza kwangu ni CAT, jeshi la Marekani linaitumia tangu 2005, unaweza kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, na karibu kila darasa la kuzuia damu wanafundishia hiyo, kwa hiyo hata jirani yako pale renji akikuta unayo atajua aishike vipi. Bei ni kama dola 30. Ya pili SOF-T Wide, kijiti chake ni cha chuma, imara sana, ila kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi naona inamchelewesha kidogo. Ya tatu SAM XT, hii ukivuta mkanda mpaka ufike kwenye nguvu inayotakiwa bizimu inajifunga yenyewe, nzuri kwa mtu ambaye mikono inatetemeka, bei imezidi CAT kidogo. Yoyote kati ya hizo tatu hujakosea.

Zile za mpira wa kujivuta, za kamba nyembamba, au mkanda wa suruali, acha. Kitu chembamba kinakata nyama na kinahitaji nguvu nyingi zaidi kuziba mshipa, CAT ina upana wa karibu sentimita 4 na upana huo una kazi yake.

Na feki. Jamani feki. Niliwahi kununua mbili kwa dola 14 kwenye duka la mtandaoni, kwa macho huwezi kuzitofautisha na CAT, nikamfunga mdogo wangu kwenye mkono kwa mazoezi, mzunguko wa pili tu kijiti kikapinda kama mshumaa uliokaa juani. Ile siku nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimeshaenda nayo renji miezi mitatu naiamini. Nunua kwa North American Rescue wenyewe wanaouza CAT, au duka la vifaa vya tiba ambalo linasema wazi linachukua kwao. Bei ikiwa nusu ya bei ya kawaida hiyo sio ofa. Jamaa zangu wa Nairobi wenye leseni wanaopiga shabaha pale renji ya Kirigiti huwa wananiagiza niwabebee nikienda nyumbani, na nawabebea hizo hizo.

Ukipata hela tena nunua ya pili. Mguu mnene wakati mwingine haukati damu kwa moja, unaweka ya pili kando ya ile ya kwanza, upande wa juu. Na ya mazoezi iwe tofauti na ya kubeba, ipo ya rangi ya bluu kwa kazi hiyo, maana ukiizungusha moja kila wiki inachoka.

Namba 2, gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ya kujaza kwenye kidonda. Kwenye kinena na kwapani tuniketi haishiki, kwa hiyo unasukuma gozi ndani ya tundu mpaka lijae halafu unakandamiza kwa uzito wako wote. Kuna yenye dawa ya kugandisha damu, QuikClot Combat Gauze ambayo inatumia udongo wa kaolini, unakandamiza dakika 3, au Celox Rapid, dakika 1. Zinaanzia kama dola 40 na zina tarehe ya kuisha. Kama hiyo hela huna, gozi ya kawaida iliyobanwa kwenye pakiti ni dola 3 au 4 na inafanya kazi, utakandamiza tu muda mrefu zaidi, dakika 10 bila kuchungulia. Mimi ningechukua pakiti mbili za kawaida leo kuliko kusubiri ya dola 40 miezi sita. Usijaze gozi kifuani wala tumboni. Na ile habari ya kuingiza tamponi kwenye tundu la risasi naomba tuizike, inanyonya damu kidogo sana na haibani chochote.

Namba 3, bandeji ya Israeli ya inchi 6, dola 8 mpaka 10, ina kipande cha plastiki kinachokandamiza kidonda unapoizungusha. Kwa hela hiyo sijui kwa nini mtu aikose.

Namba 4, vibandiko vya kuziba tundu la risasi kifuani vyenye vali ya kutoa hewa, kama HyFin Vent. Chukua pakiti ya viwili maana risasi ikiingia mbele inaweza kuwa imetokea mgongoni, geuza mtu uangalie.

Vilivyobaki ni vya bei rahisi: mkasi wa kukatia jinzi, glavu, makapeni ya kuandikia saa uliyofunga tuniketi, maji ya chumvi ya kuoshea macho, blanketi la foili maana aliyepoteza damu anapata baridi hata Texas mwezi wa saba. Na sabuni, osheni mikono kabla ya kugusa kuku, risasi zina madini ya ledi na watoto wanashikwa shikwa na mikono hiyo hiyo.

Je ununue kifurushi kilichokamilika, chenye vifaa vyote pamoja? Vya dola 100 mpaka 150 kutoka kampuni zinazoeleweka ni sawa kama hutaki kuhangaika, soma tu ndani kuna tuniketi gani. Vile vinavyojisifu "vipande 300" kwa dola 35, hesabu uone, 250 ni plasta na vitambaa vya spiriti.

Kabla hujaenda toa tuniketi kwenye plastiki yake, pitisha mkanda kwenye bizimu, vaa kiunoni. Sio kwenye buti la gari, joto la huko linaua gundi ya vibandiko na linachosha plastiki, halafu utaikimbilia mita 100 mtu anavuja. Ukifunga, iwe sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, sio kwenye goti lenyewe wala kiwiko, kama hukioni kidonda panda juu kabisa ya paja, zungusha mpaka damu ikate hata akipiga kelele, na usiilegeze, hiyo ni kazi ya daktari. Darasa la kuzuia damu linaloitwa Stop the Bleed ni la saa moja na kitu, mara nyingi bure, ulizia hospitali au zimamoto ya mtaa wako, mpeleke na shemeji.

Pale shambani sasa tumebandika karatasi kwenye mlango wa gari la kwanza: anwani, namba ya kufungulia geti, nani anapiga 911, nani anakwenda kusimama barabarani kuwapokea.