Mashine za kujilipia: ya keshi na ya kadi tu

Ukizitazama kwa mbali, mashine hizi za dukani ambazo mteja hujilipia mwenyewe bila keshia ni pacha. Tofauti iko kifuani: moja ina mdomo wa noti na tundu la sarafu, nyingine ina kisoma kadi peke yake.

Tuanze na hii ya kadi tu. Ni nyepesi, haikwami ovyo, foleni yake husogea. Ubaya wake ni kwamba inachelewa kusema. Kibandiko cha "kadi tu" kiko pembeni, kidogo. Mteja ameshapitisha bidhaa ishirini ndipo anagundua kitufe cha keshi hakipo. Ikifika hapo, usifute chochote. Mwite mhudumu, omba hesabu isimamishwe na ihamishiwe kwa keshia. Mashine nyingi hutoa kikaratasi chenye msimbo. Keshia akikiskani, bidhaa zote zinatokea kwake. Ukifuta, mtaanza upya.

Ya keshi ina mambo mengi tumboni, na wengi huilaumu bure. Noti humulikwa kwa mwanga ndani. Sarafu hupita kwenye koili zinazopima metali, unene na kipenyo. Kwa hiyo noti halali yenye selotepu, unyevu au kona iliyokunjwa hutemwa. Nyoosha kona, ingiza noti moja moja kwa upande mfupi, kisha iachie, kwani rola huivuta zenyewe. Ukiisukuma inaingia mshazari, na hapo ndipo inapokwama. Ikitemwa, igeuze; ikitemwa tena, toa nyingine. Penye sinia la kumwagia sarafu, chambua kwanza: kipini kimoja cha nywele kinatosha kuizima mashine nzima.

Chenji hutoka sehemu mbili. Sarafu zinalia kwenye bakuli, kila mtu anazisikia. Noti hutoka kimya kwenye tundu jingine, mara nyingi chini zaidi, na ndizo zinazosahaulika.

Halafu kuna lile tangazo la "lipa kiasi kamili", wakati watu wametumbukiza sarafu asubuhi nzima. Si uongo. Mashine nyingine hurudisha sarafu zilezile kama chenji. Nyingine huzipeleka kwenye sanduku la kufuli na kutoa chenji kutoka mirija tofauti. Mirija ikikauka, sanduku lililojaa halikusaidii.

Duka likiondoa keshi linajipunguzia kazi ya kujaza, kumwaga, kuhesabu na kukwamua. Hoja hiyo ina ukweli. Ila mtandao wa malipo ukikatika, safu nzima ya kadi hulala pamoja, na kama keshia ni mmoja, foleni yote humwangukia yeye. Duka linaloacha walau mashine mbili za keshi, zenye taa au rangi inayoonekana tangu mlangoni, limefikiri vizuri zaidi.

Kisheria inategemea ulipo. Jiji la New York, tangu 2020, linakataza maduka kukataa keshi, isipokuwa pale penye kifaa kinachopokea keshi yako na kukupa kadi ya malipo yenye kiasi hicho, bila ada. Huko Uingereza duka huchagua lenyewe njia za malipo.

Mashine ikimeza noti bila kuihesabu, usiondoke mbele yake wala usimalizie kwa kadi. Onyesha kiasi kinachosomeka kwenye skrini, andika namba ya mashine na saa, na umwombe mhudumu afungue kipokea noti mbele yako. Kama haimo njiani imeshaingia sandukuni, na itajitokeza kama ziada hesabu ya mashine hiyo itakapofungwa.