Chopa ya kuvuta kamba: kwenye rosti sawa, kwenye pilau hapana

Ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo utawakuta wauza chopa: muuzaji anatumbukiza kitunguu kwenye kibakuli cha plastiki, anafunika, anavuta kamba, anafunua huku akiapa kwamba hutatoa machozi tena, watu wanaguna. Mimi napika pilau za shughuli huku Temeke, na kumenya vitunguu ndiyo sehemu ya kazi nisiyoipenda. Nikatoa elfu nane, nikaondoka nayo.

Kwanza mjue, kisu hakiondoki jikoni. Kitunguu kizima hakiingii humo. Unamenya, unakata vipande vinne, ndipo unavuta. Na kibakuli kinameza vitunguu viwili tu, kwa hiyo mwenye kilo kumi atafunua na kumwaga mpaka achoke.

Sasa pilau. Kitunguu ndicho kinachoipa rangi, na kinatakiwa kiwe virefu, vyembamba, vya unene mmoja, ili vyote viwe vya kahawia kwa pamoja. Chopa haijui hayo. Ukivuta kidogo unapata bonge hapa, chenga pale. Chenga zinaungua huku mabonge bado meupe, na ule uchungu unaingia kwenye wali. Ukivuta sana unapata uji. Uji huo unatoa maji, na mpaka maji yakauke kitunguu hakibadiliki rangi ng'o. Gesi inateketea bure.

Kwa kisu, pasua kitunguu katikati kuanzia kichwani hadi kwenye mizizi. Kilaze upande wa bapa juu ya kibao kisiteleze, uchanyate kwa kufuata mistari yake. Kile kitako cha mizizi kiache mpaka mwisho, ndicho kinachoshika matabaka yasisambaratike. Vidole vya mkono unaoshikilia vikunje kwa ndani, kisu kitembee kikiegemea vifundo. Ukitaka vidogo vya sambusa, chana kwa urefu bila kufika kitakoni, halafu katiza. Kachumbari ndiyo nakata kwa upana, vyembamba kabisa, navifikicha na chumvi na kuvisuuza. (Najua mama zetu wanakatia kiganjani bila kibao, tena vyembamba kuliko vyangu. Kwa mboga ya nyumbani sawa, kwa kilo kumi kidole gumba kitakulaani.)

Kuhusu machozi, muuzaji hakudanganya sana: ikiwa imefunikwa, ule mvuke unaowasha unabaki ndani. Ila unapofunua, weka uso mbali! Mvuke huo hutoka kitunguu kikikatwa au kupondwa, na kisu butu kinaponda zaidi, ndiyo maana kinaliza kuliko kisu kikali. Yule fundi wa kunoa visu anayepita na baiskeli yake amenipunguzia machozi kuliko hiki kidude, kwa mia tano tu.

Kuosha hakuna shida kubwa. Kibakuli ni cha kusuuza tu. Vile vyembe vitatu vimepinda na ni vikali, usivisugue kwa vidole. Kifuniko chenye kamba usikizamishe, maji yakiingia kwenye springi hayatoki kirahisi.

Nisiionee, kuna inakofaa. Rosti na mchuzi, ambako kitunguu kinatakiwa kipotelee kwenye nyanya, hapo inafanya kazi haraka. Kitunguu saumu na tangawizi za kulowekea mishkaki pia. Chachandu ndiyo imeipatia hasa: nyanya, pilipili, kitunguu, vuta vuta, kamua ndimu, mezani. Siku umeme umekatika na blenda imelala, utaishukuru.

Kwa sambusa na katlesi siishauri, kwa sababu ya yale maji. Manda yatalegea kabla hujayafikisha kwenye mafuta.

Ukiamua kununua, ivute mwenyewe palepale kabla hujatoa hela. Kuna ambazo kamba inatoka vizuri halafu hairudi, na muuzaji wa kutembeza kesho humpati.