Laki tatu na themanini kwa neno moja

Majibu yangu ya kipimo cha jeni yaliingia WhatsApp Ijumaa saa mbili usiku, wali wa nazi uko jikoni. Kurasa mbili: wa kwanza nembo na muhuri, wa pili jina langu, jina la jeni yenyewe kwa herufi na tarakimu, HLA-B51, na mbele yake neno la Kizungu lenye maana kwamba ipo. Basi. Hakuna maelezo wala namba ya kupiga ukiwa na swali. Wali ukaungua. Nimelipa Sh 380,000 kwa neno hilo, kwa hiyo na mimi leo nina maneno yangu.

Jina la maabara silitaji. Ipo Upanga, ghorofa ya pili, na siku zote tatu nilizokwenda lifti ilikuwa haifanyi kazi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Magomeni. Miaka mitatu sasa nasumbuliwa na vidonda mdomoni, vinakuja vitatu vinne kwa mkupuo, vinakaa wiki nzima hata chai ya moto hainyweki, halafu vinaondoka bila kuaga. Nimeambiwa vitamini, nimeambiwa fangasi, nimepimwa Ukimwi mara nne na mara zote nne sina. Vingine vilinitoka kule kwingine, hilo sikumwambia hata dada yangu. Mwezi wa tatu jicho la kushoto likawa jekundu, mwanga unachoma, mbele kuna ukungu, na uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Fundi asiyeliona tundu la sindano atakula nini? Daktari wa macho akasema uvimbe uko ndani ya jicho, si juu, akaniandikia barua niende kwa bingwa wa magonjwa ya viungo. Nikashangaa, maana viungo haviniumi.

Huyo bingwa ndiye wa kusifiwa hapa. Swali lake la tatu lilikuwa, "Mama, asili ya wazazi wako wapi?" Nikakunja uso. Kabila na jicho vinahusiana nini? Nikamjibu hivyo hivyo kwa shingo upande: mama Mzaramo wa Kisarawe, baba wa Tanga, na babu mzaa baba alikuwa Mmanga. Akacheka, akaniomba radhi, akaeleza. Kuna ugonjwa unaitwa wa Behçet, kwa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, ambaye mwaka 1937 aliunganisha vitu vitatu vilivyokuwa vikitibiwa kila kimoja peke yake: vidonda vya mdomoni, vya sehemu za siri, na uvimbe wa jicho. Unaonekana zaidi kwa watu wa njia ya zamani ya biashara ya hariri, kuanzia Uturuki na Iran mpaka China na Japani, na wengi unawaanza wakiwa watu wazima wa miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Lakini mtu wa popote anaweza kuupata, akasema, babu yako tusimbebeshe lawama.

Halafu akauliza kama nikichomwa sindano pale mahali panavimba. Mimi huyu, ambaye pini za kupimia pindo zinanichoma kila siku! Nikamwonyesha mkono. Kila pini iliyonichoma vizuri, kesho yake naamka na kipele chenye usaha. Miaka yote nikidhani ni kutu, nimebadilisha boksi za pini mpaka mwenye duka Kariakoo kanichoka. Akachukua sindano safi, akanidunga upande wa ndani wa mkono, sehemu mbili, akasema nirudi baada ya saa 48. Kipimo hicho kinaitwa paterji. Nilirudi na vipele viwili vya usaha, na bili haikuongezeka hata shilingi.

Sasa jeni ilikuwa ya nini? Niseme ukweli, ni mimi niliyeitaka. Daktari alisema haimo hata kwenye vigezo vya kimataifa vya mwaka 1990 vya kuutambua ugonjwa huu. Vile vinataka vidonda vya mdomoni angalau mara 3 ndani ya miezi 12, pamoja na mambo mawili kati ya manne: vidonda vya siri, jicho, ngozi, au paterji. Mimi nilikuwa nimeshafika na kupita. Ila baada ya miaka mitatu ya kuambiwa hili na lile, nilitaka karatasi. Bima ikakataa, nikavunja kibubu.

Pale maabara aliyenitoa damu namsifu, mshipa kaupata mara moja na hata alama hakuniachia (nje ya kile kipele changu cha kawaida). Sampuli inapelekwa nje ya nchi. Niliahidiwa siku 14, zikawa 31. Kila nikipiga naambiwa, "Vuta subira mama, mzigo uko njiani," utadhani nimeagiza vitenge.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni Jumamosi asubuhi. Sijalala kwa lile neno, simu inaita. Dada wa mapokezi, sauti ya asali: kwa kuwa jibu limeonyesha ipo, nimlete binti yangu wa miaka kumi na sita, wana pakeji ya familia, punguzo linaisha Jumatano. Nikiwa na hofu ile nikatuma Sh 50,000 ya kutanguliza.

Jumatatu daktari aliisoma karatasi kwa nusu dakika, akaiweka pembeni. Uhusiano wa jeni hii na ugonjwa Wajapani waliuona tangu miaka ya 1970, ipo kwenye kromosomu ya 6, na ukiwa nayo uwezekano wa kuugua unaongezeka kama mara 5 au 6. Nikashika kichwa. Akasema subiri mama, mara 6 ya kitu kidogo mno bado ni kitu kidogo. Huko Uturuki kwenyewe, unakoongoza, karibu mtu 1 kati ya 4 au 5 wenye afya zao anayo, na wagonjwa hata kwa hesabu kubwa kabisa hawafiki 500 katika watu 100,000. Na wako wagonjwa kibao wasiokuwa nayo. Tena si hiyo peke yake, zipo nyingine zinazosukuma kidogo kidogo, akaniandikia nyuma ya karatasi: IL10, IL23R, ERAP1. Binti je? Hakuna dawa anayopewa mtu asiyeumwa kwa sababu tu ya kuwa na jeni hii, kwa hiyo kumpima ni kumnunulia wasiwasi. Akipata vidonda vya kujirudia au jicho jekundu, aje.

Maelezo hayo yalichukua dakika ishirini. Maabara wangeweka hata nusu yake kwenye ule ukurasa wa pili, nisingekesha.

Natumia kolchisini na prednisoloni, na matone ya jicho. Uzi unaingia, ingawa nimehamia sindano za tundu kubwa. Mashavu yamejaa kwa sababu ya dawa, wateja wanasema nimependwa.

Nyota: daktari tano, mtoa damu nne, maabara kwa jumla moja na nusu, hiyo nusu ni ya yule mtoa damu tena. Nilipofuta kipimo cha binti waliniambia ile 50,000 itarudi ndani ya siku saba za kazi. Leo ni ya kumi na tisa. Ikirudi nitakuja kuhariri hapa.