Tahadhari: saundi kadi bandia niliyouziwa hapa Dodoma

Ndugu zangu mnaotaka kuanza kurekodi nyumbani, ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu wengi wenu mlinisikia nikijigamba kwamba safari hii sihitaji kwenda Kariakoo. 

Muuzaji alikuwa na kibanda maeneo ya Jamatini. Aliponiona nimebeba ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, alinisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikalainika palepale. Nilipomweleza kwamba nina Sh 500,000 na ninatafuta maikrofoni ya kondensa pamoja na saundi kadi, yaani kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, hakunishawishi ninunue na spika kubwa. Alisema fedha itakayobaki niitunze, na chumbani nitundike mablanketi mazito ukutani ili kupunguza mwangwi. Ushauri huo ni sahihi hadi leo, na ndio ulioniponza, kwa kuwa sikudhani tapeli anaweza kumzuia mteja asitumie fedha.

Akaunganisha maikrofoni kwenye saundi kadi iliyokuwa mezani, akabonyeza kitufe cha volti 48 kinachopeleka umeme kwenye maikrofoni, taa ikawaka, akanivisha hedifoni. Nilipiga ilimba taratibu, nikasikia hata ule mvumo mwembamba wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu lake, mvumo ambao simu yangu haijawahi kuunasa. Nilifumba macho. Ninakiri kwamba nilifumba macho kibandani, mbele ya wapita njia, huku nikitabasamu. Nilipoyafumbua, alikuwa ameshainuka kutoka chini ya meza na boksi lililofungwa nailoni. "Hii ya mezani ni ya kuonyeshea wateja, kaka. Yako mpya hii hapa." Nilitaka kulifungua, akasema nikikata nailoni pale dhamana inakufa. Nikalipa Sh 420,000 kwa simu; jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, akasema ni mke wake, nami nikaingiza namba ya siri.

Nilipofika Nkuhungu nilipata muungurumo, na nyuma yake sauti hafifu kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Kwa siku mbili nzima niliilaumu kompyuta yangu, nikanunua hata waya mwingine wa maikrofoni (XLR), hadi fundi redio mmoja wa Majengo alipochomeka mita yake. Maikrofoni nyingi za kondensa huhitaji volti 48 ambazo hupimwa kwenye tundu la waya huo, kati ya pini ya 1 na ya 2, au ya 1 na ya 3. Kwangu mita ilisoma chini ya volti 5, ingawa taa ilikuwa ikiwaka kwa madaha. Tulipofungua tulikuta kibao kidogo cha sakiti pembeni na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kifaa kiwe na uzito mkononi. Laiti ningenunua maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM58, isiyohitaji volti hizo, huenda ningechelewa zaidi kugundua, kwa hiyo sijui hata kama nijilaumu kwa hilo.

Niliporudi, kibanda kilikuwa na muuza makava ya simu, ambaye alisema mwenzake alipanga kwa wiki chache tu. Tapeli mwenyewe aliusoma ujumbe wangu, kisha akaizuia namba yangu. Mtu huyu hastahili kuonywa. Anastahili kufikishwa mahakamani, arudishe kila shilingi, na vifaa vyake viteketezwe hadharani na Tume ya Ushindani, kwa maana Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo na bidhaa bandia ni kosa. Nimekwishachukua RB, yaani namba ya ripoti, kituo cha polisi. Aliyeuziwa na mtu huyo na yeye aende kuripoti, ili tapeli asije akasema mimi ni mtu mmoja mwenye chuki.

Dalili zilikuwepo. Hakutoa risiti ya mashine ya kodi ya EFD, namba iliyo chini ya kifaa haikufanana na iliyochapwa kwenye boksi, na kifaa nilichokijaribu sicho nilichobeba. Ukiambiwa usifungue boksi, acha fedha yako mfukoni. Tapeli huyo ni kijana mrefu, mweusi wa wastani, anapenda kuvaa kofia na anaongea kwa upole sana. Akihamia Singida au Morogoro, upole huohuo ndio atakaoutumia. Kipande chake cha chuma kiko kwangu mezani, na anayetaka kukiona aje.