Spreyi ya bluu kwa miguu ya kuku: inaponya nini, haiponyi nini

Ingia duka la dawa za mifugo, Iringa au Mbeya, sema kuku wako anachechemea: mara nyingi utapewa kopo la spreyi ya bluu yenye oksitetrasaiklini, yaani dawa ya kupambana na bakteria. Ni dawa nzuri. Tatizo ni kwamba wengi huitumia kwa kila ugonjwa wa mguu, wakati kwa kuku kazi yake ni moja tu: kulinda kidonda kilichokwisha kusafishwa.

Kabla ya kulipa, mgeuze kuku utazame nyayo. Uvimbe wenye joto na gaga jeusi katikati ni jipu la unyayo, na msababishaji mkuu ni bakteria Staphylococcus aureus, anayepenya kwenye mchubuko au palipochomwa na kijiti. Usaha wa kuku hautiririki. Huganda ukawa kiini kigumu cha rangi ya manjano hafifu. Ukipuliza juu ya gaga, dawa inaishia hapohapo na kiini kinaendelea kukua chini yake. Ndiyo maana mtu humaliza kopo zima na kuku bado anachechemea.

Vaa glavu, maana bakteria huyu humwambukiza na binadamu. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 15, uoshe kwa sabuni, upake ayodini. Gaga likilainika libandue taratibu, ubonyeze kidogo pembeni. Kiini kikikubali kutoka, kitoe. Kikigoma, usichimbe kwa wembe, kwa sababu hapo pana kano na mishipa ya damu. Mwite mtaalamu wa mifugo. Suuza tundu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha kausha. Sasa ndiyo zamu ya spreyi: tikisa kopo, shika umbali wa sentimita 15 hadi 20, puliza sekunde moja au mbili. Ikikauka weka gozi na bandeji isiyobana vidole, na ubadilishe kila siku au kila baada ya siku mbili. Kuku akae peke yake kwenye maranda makavu.

Tunaipenda kwa kuwa hukauka upesi na huficha wekundu wa damu, hivyo kuku wenzake hawamdonoi. Lakini inakuficha na wewe: huwezi tena kuona kama wekundu unapungua. Tumia vidole, pima joto na uvimbe. Uvimbe ukipanda kuelekea goti, au kuku akiacha kula, spreyi imefika mwisho wa uwezo wake.

Kwa magamba yaliyoinuka yenye ungaunga mweupe, usiinunue kabisa. Huo ni utitiri unaochimba chini ya magamba, na dawa ya bakteria haiugusi. Sugua miguu kwa maji ya sabuni na mswaki laini, paka mafuta ya mgando mpaka yazibe kila gamba, rudia kila wiki kwa wiki tatu au nne, kwa kuku wote wa banda. Mafuta ya taa na oili chafu huunguza ngozi. Tunaomba sana muache.

Bei ya kopo itakuwa hasara kama banda halibadiliki. Vichanja vingi huku hutengenezwa kwa mabanzi ya misonobari kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga, nayo yana vibanzi vinavyochoma. Piga msasa, na usizidishe kimo cha nusu mita kwa kuku wazito. Mvua za Novemba hadi Aprili zikilowesha maranda, ngozi ya unyayo hulainika na kupasuka kirahisi. Toa yaliyolowa siku hiyohiyo.

Kopo hili hushika moto. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, wengi wanapowasha jiko la mkaa bandani, mtoe kuku nje ndipo umpulizie. Na kwa mayai, soma lebo uone siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai ya kuku aliyepuliziwa. Kopo lisilo na maelezo hayo lirudishe dukani.